Uzito wa Usukani

Mjomba wangu ana Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa iliyofifia, na mwaka jana tuligombana miezi minne mizima juu ya usukani wake. Watu hugombana juu ya shamba, juu ya mahari, juu ya nyumba ya marehemu. Sisi usukani. Usicheke kwanza, msomaji. Ugomvi ule ulinivua nguo mbele ya nafsi yangu mwenyewe, na ndiyo sababu nauandika.

Kwa msiolijua gari lenyewe: lilitoka Japani mwaka 1969, kwao likiitwa Fairlady Z. Lililouzwa nje liliitwa 240Z kwa sababu ya injini yake ya lita 2.4, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Boneti refu, viti viwili tu, mgongo umeinama kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi. Kwetu Afrika Mashariki lilipata jina lake vumbini. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akashinda nalo tena, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B. Siku hizo Safari ilikuwa ya Pasaka. Mjomba alikuwa na miaka 14, yuko likizo Taita, amepanda juu ya jiwe kando ya njia. Anasema alisikia ngurumo dakika nzima kabla ya kuona kitu, halafu kilichopita ni vumbi lenye taa. Akaapa. Mwaka 1986, ameshakuwa mtu mzima mwenye duka la kanga, akalinunua la kwake kwa mtu aliyekuwa anahama Nairobi.

Sasa, 240Z halina pawa stelingi. Unapozungusha usukani, ni mkono wako peke yake unaozungusha kigia kidogo kilicho chini ya nguzo. Kigia kinasukuma reki ya meno, reki inasukuma tairodi, tairi zinageuka. Basi. Hakuna pampu, hakuna mota. Gari likiwa mwendoni kazi ni nyepesi. Likisimama, mpira wa tairi unasagana na lami pale pale, na anayelipa ni bega lako.

Na bega la Mjomba likamkamata. Amepita miaka 65 sasa, na mkono wa kulia haupandi juu ya kifua bila yeye kufumba macho. Anaishi Pangani, duka liko Mtaa wa Biashara. Kilomita chache tu, lakini kila asubuhi lazima aliingize gari kwenye nafasi ya upana wa kitanda, matatu ziko nyuma zinapiga honi, mkokoteni uko mbele. Siku moja alirudi nyumbani kwa teksi. Gari kaliacha mjini. Jioni hiyo akasema, kana kwamba anaomba ruhusa, "Nafikiri nitalitia pawa stelingi. Nipate kuliendesha kila siku, kama gari."

Mimi ndiye niliyeruka.

"Mjomba, mwacha asili ni mtumwa!"

Nilimpa mhadhara. Nilimwambia kwamba pawa stelingi haikuwa siri wakati ule. Chrysler ya Marekani ilikuwa ikiiuza kwenye magari ya abiria tangu mwaka 1951. Kwa hiyo Wajapani wale hawakuikosa, waliiacha. Uzito ule ni kauli yao. Gari hili linazungumza kupitia mikononi, nikasema, na wewe unataka kulitia pamba mdomoni. Nilitaja sanaa, nilitaja uaminifu. Mkaza mjomba, ambaye alikuwa anachambua mchele, akainua kichwa. "Na wewe umeliendesha lini?"

Sikuwa nimeliendesha hata siku moja.

Mjomba hakunijibu. Kesho yake alinipa ufunguo tukaenda wote kulichukua. Nilikaa kwenye kiti kile cha chini, magoti karibu na kidevu, nikajaribu kulitoa kwenye ile nafasi. Usukani haukusogea. Nikaushika kwa mikono miwili, nikanyanyuka kwenye kiti, nikavuta. Ukaja robo mzunguko na kukwama. Mtu wa mkokoteni akanipa pole. Nilipofika barabara kuu shati lilikuwa limenishika mgongoni, na mjomba amenyamaza tu, anatazama nje kwa adabu, asinione ninavyoaibika.

Hapo ningetosheka, lakini mtu mwenye hoja hatosheki. Nikajiambia: kinachonishinda mimi hakikosi kuwa na thamani. Mlima nao ni mgumu. Shairi la bahari ni gumu. Je, tuuchonge mlima kwa sababu babu amechoka?

Tukaenda kwa fundi wa Grogan, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye magari ya namna hii ameyafungua tangu yangali mapya. Alitusikiliza sote wawili. Halafu akatia jeki mbele, tairi zote mbili zikaning'inia hewani, akaniambia: "Kijana, zungusha."

Nikazungusha kwa kidole kimoja, nikaona kidogo umekwaruza, kidogo umelegea, ukakwaruza tena.

"Huo mkwaruzo si asili," akasema. "Hiyo ni reki kavu. Grisi iliisha zamani na ganda la mpira limepasuka, mchanga umeingia." Akashuka chini. Bushi za reki zilikuwa zimekwisha. Boljointi moja ilikuwa imebana kama mlango wa msikiti usiku. Kisha akapiga teke tairi. Zilikuwa pana, 205, na upepo haukutosha. Kiwandani gari hili lilivaa tairi za 175. Halafu akagonga usukani wenyewe: mdogo, wa ngozi nyeusi, umbo la mashindano. Ule wa kiwandani ulikuwa mkubwa na mwembamba, na ukubwa ule haukuwa urembo. Usukani ni wenzo. Ukipunguza upana wake, unapunguza nguvu ya mkono wako.

"Nani aliweka hivi?" nikauliza.

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. "Aliyeniuzia. Ndiyo ilikuwa fasheni."

Msomaji, nataka ukae na jambo hili kidogo, maana mimi lilinikaa kooni. Uzito niliokuwa nautetea kwa jina la asili, nusu yake haikuwa asili hata kidogo. Ilikuwa fasheni ya miaka ya themanini juu ya uzembe wa miaka thelathini. Nilikuwa nimesimama na panga mlangoni nalinda hazina, kumbe ninalinda kutu. Na sidhani kwamba niko peke yangu. Ni mara ngapi tunaambiwa "hivi ndivyo ilivyokuwa tangu enzi", na ukichimba kidogo unakuta ni mambo ya juzi tu, yaliyozeeka kabla ya wakati kwa sababu hakuna aliyeyapaka grisi?

Kwa hiyo swali la kwanza si "tuache asili au tuishike?" Swali la kwanza ni "asili ni ipi?" Na hapo penyewe pana utelezi. Asili ya gari hili ni siku lilipotoka kiwandani? Lakini si hilo lililomfanya mtoto wa Taita aape. Aliloliona yeye lilikuwa gari la mashindano: limeongezwa taa, limekingwa tumbo, limebadilishwa hili na lile ili liweze barabara zetu. Upendo wote wa mjomba ulianza na gari ambalo lilikuwa limeshaguswa. Lile lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa Japani, kwenye hazina ya magari ya Nissan huko Zama, na hakuna anayesimama mbele yake akalia kwamba limepoteza asili kwa sababu ya zile taa.

Hata wenyewe waliolitengeneza hawakuapa kiapo cha milele. Mrithi wake, 280ZX, aliyetokea mwaka 1978, aliweza kununuliwa na pawa stelingi. Ile niliyoiita kauli yao ilidumu chini ya miaka kumi.

Fundi akafanya alichoweza bila kuongeza kitu kigeni. Reki ikafunguliwa, ikaoshwa, ikatiwa grisi na ganda jipya. Bushi mpya, boljointi mpya, tairi nyembamba zenye upepo wa kutosha, usukani mkubwa wa zamani aliouchimbua kwa rafiki yake. Gari lilirudi limekuwa jingine. Niliendesha mpaka Thika na kurudi. Kwa kasi ya kilomita 80 usukani ule ulikuwa unanong'ona. Lami mpya ilikuwa na sauti yake, kiraka kilikuwa na sauti yake, na upepo wa lori ulinigusa viganja kabla haujafika masikioni. Nikaelewa kile nilichokuwa nakihubiri bila kukijua.

Lakini pale Mtaa wa Biashara, kwenye nafasi ya kitanda, mjomba bado alifumba macho.

Hapa ugomvi ukarudi, na hapa ndipo inanibidi niseme lililonivua nguo. Usiku mmoja nilikuwa nampigia kelele tena, eti tumeshalirudisha katika hali yake, sasa kulitia mota ni dhambi. Mkaza mjomba akauliza taratibu, bila hasira: "Wasemavyo, gari ambalo halijaguswa huuzwa kiasi gani?"

Nilijua. Nilijua kwa tarakimu. Januari 2020, huko Marekani, 240Z moja ya mwaka 1971 ambayo ilikuwa karibu kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa kwa mnada dola 310,000. Na nilijua pia kwamba mjomba hana mtoto wa kiume, na kwamba alishasema mara mbili, mbele ya watu, gari litakuwa langu.

Sikujibu, na kule kutojibu kulikuwa jibu.

Sisemi kwamba kila anayetetea mambo ya kale ana mkono mfukoni mwa mzee. Lakini najua mimi nilikuwa nao, na maneno yangu yote mazuri, sanaa, uaminifu, kauli ya mtengenezaji, yalikuwa yamevaa kanzu juu ya jambo hilo. Nilikuwa namwomba mtu avumilie maumivu kila asubuhi ili kitu chake kibaki safi kwa ajili yangu. Na nikaona kwamba hili ndilo la kuuliza kwanza kila tunaposema "msiguse": nani anabeba uzito, na nani anafaidi usafi? Mara nyingi si mtu mmoja.

Hata hivyo, nafsi yenye hatia si hoja. Kwamba mimi nilikuwa mchoyo hakuthibitishi kwamba mota ni halali. Tukarudi kwa fundi, safari hii mimi nikiwa msikilizaji.

Alitueleza njia, moja baada ya nyingine. Njia ya kwanza ni kuchezea pembe. Mguu wa mbele wa gari umeinamishwa nyuma kidogo, ndiyo maana ukiachia usukani unajirudisha katikati. Punguza mwinamo huo, usukani utakuwa mwepesi. "Lakini kwa kasi gari litatangatanga kama mlevi," akasema. "Utakuwa umenunua wepesi wa Biashara kwa roho za watu wa barabara ya Mombasa." Njia ya pili ni haidroli: pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, mipira ya mafuta, reki ya gari jingine. Inafanya kazi, ila utakata vyuma na hutarudi nyuma. Njia ya tatu ni ya umeme. Suzuki waliiweka kwenye kigari chao kidogo, Cervo, mwaka 1988, na sasa imejaa kwenye Vitz zote za mjini. Mota ndogo inakaa kwenye nguzo ya usukani, ndani, chini ya dashibodi. Kifaa kinapima mkono wako unasukuma kwa nguvu gani, mota inaongezea. Gari likisimama inasaidia sana. Mwendo ukiongezeka, inajiondoa.

Palepale kijana mmoja wa gereji ya jirani akadakia kwamba yeye ataikata nguzo ya Vitz iliyogongwa, aichomelee kwenye ya kwetu, mchana mmoja kazi imekwisha. Fundi akavua miwani. "Weldi kwenye shafti ya usukani?" akauliza. "Ikiachia, atakayekufa si mzee peke yake. Kuna mtoto anavuka barabara, hajui habari ya Datsun." Kijana akaondoka.

Nililipenda neno lile kwa sababu mimi na mjomba, katika miezi yote ile, tulikuwa tunabishana kana kwamba gari linatuhusu watatu: aliyelitengeneza, anayeliendesha, na atakayelirithi. Yule mtoto anayevuka hatukumkaribisha kwenye baraza. Naye ndiye mwenye haki kubwa kuliko sisi sote, kwa kuwa hakuomba kitu.

Basi sharti la kwanza likawa usalama: viungo vya kufungwa kwa bolti na meno, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, si weldi ya mchana mmoja, altaneta kubwa zaidi, maana mota hunywa umeme na ile ya zamani ni ndogo, na mota ikizimika ghafla, usukani urudi mzito kama zamani lakini usishike. Sharti la pili nililileta mimi: pasikatwe kitu cha gari. Nguzo ya zamani itoke nzima, na siku yoyote iweze kurudi. Sharti la tatu lilikuwa la mjomba mwenyewe. Alinunua daftari la shule, akaandika kwa mkono wake nini kimebadilishwa, lini, na kwa nini, akaliweka ndani ya dashibodi. "Atakayekuja asidanganywe," akasema.

Nimelifikiria sana daftari lile. Nadhani tofauti ya kurekebisha na kughushi imo humo. Anayeghushi anabadilisha na kuficha. Anayekataa kabisa kubadilisha, naye mara nyingine anaficha, anaficha kwamba kitu kimekufa mikononi mwake. Anayerekebisha anasema: nilikikuta hivi, nikafanya hivi kwa sababu ya bega langu, na cha kwanza kiko hapa, kimefungwa. Nguzo ile ya zamani sasa iko juu ya kabati Pangani, imepakwa mafuta na kuviringishwa kwenye kanga.

Sisi tunaoandika kwenye kurasa hizi tunaujua ugomvi huu kwa jina jingine. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wako waliosema ameua ushairi, na wako waliosema amefungua dirisha. Mimi nilikuwa wa dirisha. Ajabu, mtu yule yule aliyeandika beti bila vina na kujiona shujaa ndiye aliyemfokea mjomba wake kwa kutaka mota ya usukani. Sasa nadhani kote kuwili swali ni moja: uzito huu unasema nini? Vina vikimlazimisha mshairi atafute neno ambalo asingelipata, uzito huo una habari. Vikimlazimisha atie "naam" mwisho wa mshororo ili idadi itimie, huo ni mpira unaosagana na lami, gari limesimama.

Na usukani wa 240Z ndivyo ulivyo. Kwa mwendo, uzito wake ni habari, na ile mota inajiondoa isikie aliye na masikio. Kwenye nafasi ya kuegesha hauna habari yoyote. Unadai bega tu. Nilipoliona hilo nikaacha kugombana.

Lakini nisikudanganye kwamba hakuna kilichopotea. Juma la kwanza mjomba alirudi anatabasamu, kaegesha kwa mkono mmoja, watu wa mkokoteni wamempigia makofi. Juma la pili alisema, kama anayekumbuka kitu alichosahau dukani: "Pale kona ya Ngara pana mchanga. Zamani nilikuwa nausikia." Mota ina kitufe cha kuzungusha, kuongeza na kupunguza msaada. Jumapili alfajiri, barabara tupu, huwa anakizungusha mpaka sifuri, analiendesha polepole mpaka Ngara, anakata kona ile, halafu anarudi kunywa chai na bega linamuuma.

Siku gari litakapokuwa langu, nitaikuta ile nguzo juu ya kabati na daftari ndani ya dashibodi. Nina mabega mawili mazima. Sijui kama nitairudisha. Nikiirudisha, itanibidi niandike kwenye daftari kwa nini, na mpaka leo kila sentensi ninayojaribu kuianza inanukia dola.